Kupanga Msimu wa Timu ya Soka ya Chuo Mombasa

Kabla ya kukubali mechi yoyote, kocha aitake ofisi ya chuo ratiba ya mitihani, kwani mchezaji aliyekesha akisoma hawezi kukimbia dakika 90. Mazoezi yaanze baada ya alasiri, jua linapopungua makali, na wachezaji wanywe maji hata kabla ya kuhisi kiu (jambo hili, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno), maana unyevu wa hewa ya pwani huzuia jasho kukauka, mwili ukashindwa kupoa. Mwezi wa Mei, masika yanapojaza viwanja maji, mazoezi ya viungo yafanyiwe ukumbini. Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka. Wanaofunga wapewe mazoezi mepesi karibu na magharibi, na yale mazito yangoje baada ya tarawehe.