Ukiovakloki prosesa, usiisahau ramu

Wengi wakianza kuovakloki (kuipa kompyuta kasi kuliko ya kiwandani) wanakimbilia prosesa tu, wanaisukuma mpaka 4.8 GHz huko alafu wanashangaa mbona gemu halijabadilika, kumbe prosesa ina haraka lakini muda mwingi imekaa tu inasubiri data kutoka kwenye ramu. Wengine ndo kinyume, wanachukua ramu yenye namba kubwa kuliko zote na mashine inakuwa nzito kuliko mwanzo!

Iko hivi. Namba ya kwenye ramu ni mara mbili ya mzunguko wake halisi, kwa hiyo DDR4 ya 3600 inazunguka 1800 MHz. Kwenye Ryzen 5000 (prosesa za AMD) hiyo 1800 unataka ilingane na FCLK, yaani ile njia ya ndani ya prosesa, 1:1. Chipu nyingi zinafika 1800, zingine 1900 hivi, sasa wewe ukiweka ramu ya 4000 na FCLK haifiki 2000, uwiano unavunjika, kidhibiti cha ramu kinashuka nusu na ucheleweshaji unapanda. Ryzen 7000 lenga 6000, hapo hakikisha UCLK (mzunguko wa kidhibiti cha ramu) na MCLK (mzunguko wa ramu yenyewe) zote ziko 3000 MHz. Kwa Intel kuanzia kizazi cha 11 angalia Gear 1 (kidhibiti kinalingana na ramu) na Gear 2 (kinakwenda nusu), ni mambo yaleyale.

Na usidanganyike na kasi peke yake, piga hesabu: CL (mizunguko ambayo ramu inasubiri kabla ya kutoa data) mara 2000 gawanya kwa namba ya ramu. 3200 CL16 inatoa nanosekunde 10, na 3600 CL18 ni 10 vilevile, ila 3600 CL16 inatoa 8.9. Mimi naichukua hiyo ya mwisho kuliko 4000 iliyovunja uwiano, bila kufikiria mara mbili.

Kwenye kazi yenyewe, usiguse vyote kwa pamoja. Zima XMP (mpangilio wa kasi uliokuja na ramu) kwanza, pandisha prosesa kwa kizidisho hatua moja moja (47 mara 100 ni 4.7 GHz), jaribu na Prime95 (programu ya kuipa prosesa mzigo mzito) huku unaangalia joto, BCLK (mzunguko wa msingi, ile 100 ya kwenye hesabu) iache 100 kwa sababu ukiigusa inaivuta na ramu. Ukipata kasi inayotulia iandike, rudisha prosesa kawaida, ndo uwashe XMP na kupandisha ramu, na hapa MemTest86 (programu ya kupima ramu) iache izunguke usiku kucha maana kosa la ramu linaharibu mafaili kimyakimya, Windows inaweza kuwaka vizuri tu wakati data inaoza.

Mwisho ziunganishe. Mara nyingi zitagoma pamoja hata kama kila moja ilikuwa poa peke yake, basi shusha prosesa 100 MHz kabla hujaigusa ramu, hiyo ni kama asilimia 2 tu na hutaisikia. Isipowaka kabisa futa CMOS (kumbukumbu ndogo ya ubao mama inayoshika mipangilio), uanze tena na profaili uliyoisevu kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio.