Gia boksi ya otomatiki ikianza kuteleza: mambo ya kupima kabla ya kuishusha

Gari kuukuu la otomatiki linapochelewa kuingia gia, au injini inapopiga resi bila gari kuongeza mwendo, hukumu hutolewa upesi mno: gia boksi imekufa, tafuta nyingine. Maelezo haya yanahusu Toyota za miaka ya 1990, akina Corolla, Carina na Mark II ambazo bado zimejaa barabarani kwetu, nayo yanafuata utaratibu mmoja: yasiyogharimu kitu yapimwe kwanza, na gia boksi ishushwe mwisho kabisa.

Anza na oili. Endesha gari mpaka lipate moto vizuri, lisimamishe mahali tambarare, vuta hendibreki, kanyaga breki, kisha injini ikiwa inanguruma pitisha selekta (mkono wa kuchagua gia) taratibu kutoka P hadi L na uirudishe P. Bila kuzima injini, chomoa dipstiki ya gia boksi, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho na uichomoe tena. Kinachotakiwa ni oili kufika kati ya alama mbili za HOT. Zile za COOL ni za kukadiria tu wakati gia boksi haijapata moto. (Mwenye Honda asiige hatua hii, kwa sababu Honda hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa.) Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, shinikizo hushuka na klachi zilizo ndani ya gia boksi huteleza. Ikizidi, hupigwa na vyuma vinavyozunguka ikafanya povu, na povu nalo halina shinikizo.

Dondosha matone mawili ya oili hiyo kwenye karatasi nyeupe. Oili nzima ni nyekundu na huangaza. Ya kahawia imechoka. Nyeusi inayonuka kuungua, yenye chembe ndogo ndogo unapoisugua kati ya vidole, inaonyesha kwamba klachi zimekwisha kuungua, na hakuna oili mpya itakayozirudisha. Ikiwa na rangi ya waridi iliyofifia, nzito kama mtindi wa strawberi, maji yameingia kutoka kwenye rejeta, ambamo ndimo mna kipoozeo cha oili ya gia boksi. Hapo gari livutwe. Lisiendeshwe hata kwenda gereji ya jirani, kwa kuwa maji hulegeza gundi inayoshika karatasi za klachi.

Wapo wanaosema kubadili oili kwenye gia boksi ya zamani ndiko kunakoiua. Kwa maoni yangu, mara nyingi gia boksi hizo zilikuwa zimeanza kuteleza kabla ya oili kuguswa, na oili mpya ikabebeshwa lawama. Ikiwa oili ni ya kahawia na gari bado linaingia gia vizuri, fungua plagi ya sampo (bakuli la oili lililo chini ya gia boksi), pima kwa chupa kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho cha aina iliyoandikwa kwenye dipstiki au kwenye kitabu cha gari, na urudie baada ya wiki chache. Sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya konvata (chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oili), kwa hiyo kumwaga mara moja hakuimalizi yote. Usitie oili ya CVT (otomatiki zisizo na gia za hatua) katika gia boksi hizi kwa sababu tu muuzaji amesema ni ya otomatiki.

Jambo la pili husahauliwa kuliko yote. Katika nyingi ya Toyota hizo kuna kebo nyembamba inayotoka pale waya wa akselereta unapovuta kipepeo cha hewa na kushuka hadi kwenye gia boksi. Kazi yake ni kuieleza gia boksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, ili shinikizo la oili lipande pamoja na nguvu ya injini. Kebo ikilegea, gia hubadilika mapema na kwa ulegevu, na klachi huungua polepole huku dereva akidhani gari limekuwa laini. Ikikazwa kupita kiasi, gia huchelewa kubadilika kisha hugonga. Carina yangu iliwahi kuhukumiwa kifo kwa kosa hilo: siku chache baada ya kipepeo cha hewa kusafishwa, ilianza kupiga resi kati ya gia ya pili na ya tatu, nami nikaambiwa nitafute gia boksi ya mtumba. Nilipofungua boneti nikaona nati mbili za kebo hazikurudishwa zilipokuwa. Mwombe mtu akanyage mafuta mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, kisha tazama kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya: nafasi kati yake na mdomo wa raba ya kebo iwe milimita 0 hadi 1. Yangu ilikuwa karibu 8. Spana mbili zilitosha.

Ikiwa gia boksi yako inatumia solenoidi (vali ndogo zinazoendeshwa na umeme), taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, gia ya juu kabisa) inayomweta yenyewe unapoendesha ni ujumbe kutoka kontroo boksi, kompyuta ya gia boksi. Tafuta kiboksi chenye neno DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, bonyeza swichi ya O/D iwe imewashwa, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha hesabu mimweto. Mimweto ya haraka isiyokatika, miwili kwa sekunde, maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Namba 42 na 61 ni za sensa za mwendo; 62 na 63 ni solenoidi za kubadili gia; 64 ni ya kufunga konvata, yaani kuifanya izunguke sawasawa na injini. Kabla ya kununua solenoidi, pima ya zamani kwa mita: nzima husoma takriban omu 11 hadi 15. Mara nyingine ubovu uko kwenye soketi iliyoingia oili au waya uliotafunwa na panya.

Barabarani, sikiliza. Ukitoa selekta N kwenda D gari likiwa limesimama, gia ishike ndani ya sekunde 1.2 hivi, na kwenda R ndani ya 1.5. Mshindo mkubwa wakati huo huenda ukatokana na mauntini (raba inayoshikilia injini) iliyokatika au sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, iliyo juu. Gari likitetemeka kwenye mwendo wa wastani, gusa breki kidogo tu bila kuachia mafuta: mtetemo ukikoma papo hapo, tatizo liko kwenye kufunga kwa konvata, ukiendelea, kagua plagi na koili kwanza, kwani injini inayokosa moto huiga vizuri sana ugonjwa wa gia boksi. Likikataa kuondoka kwenye D lakini likaondoka kwenye L, shuku klachi ya njia moja ya gia ya kwanza, na hiyo ni kazi ya kufungua. Kipimo cha kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja, ambacho kisizidi sekunde 5, sikishauri kwa gia boksi iliyochoka.

Ikibidi kununua ya mtumba, Gerezani jijini Dar es Salaam au kwingineko, soma kwanza namba ya gia boksi kwenye kibati cha gari, mahali palipoandikwa TRANS/AXLE, usitegemee sura yake. Mwambie fundi apulize na kusafisha mabomba ya kipoozeo kabla ya kuifunga, la sivyo uchafu wa ile ya zamani utaingia katika hii mpya. Mwangalie pia anapoweka konvata: inapaswa kuzungushwa mpaka izame kabisa ndani ya pampu, kisha ndipo gia boksi isogezwe kwenye injini kwa mkono. Akianza kuivuta kwa bolti ilhali bado kuna mwanya, mzuie, kwa sababu pampu itapasuka siku hiyo hiyo.