Mpige bibi picha mlangoni, siyo juani
Ukienda Moshi kumsalimia bibi na unataka picha yake, usimsimamishe uani saa 7 mchana. Huku karibu na ikweta jua linakaa utosini, macho yanageuka mashimo meusi. Mkalishe kwenye kigoda mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, atazame nje. Mwanga wa uani utamfikia ukiwa laini. Shuka jeupe mapajani litamwangazia kidevu. Simu iwe usawa wa macho yake, kwa hiyo chuchumaa (magoti yatalalamika, vumilia). Ukimsogelea mno pua inavimba. Rudi hatua mbili, vuta kwa zumu, kisha gusa uso wake kwenye kioo ili simu ipime mwanga pale. Ukiutaka Mlima Kilimanjaro nyuma yake, amkeni mapema, kabla ya mawingu.