Kuandika historia ya Matondoni: anza na chombo

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Ukienda kuandika historia yake, usianze kwa kuuliza kilianza lini. Kila ukoo utakwambia wao ndio waliotangulia. Uliza chombo: jahazi hili liliundwa na nani, sehemu gani ya ufuo, kwa mbao zipi, tajiri wake nani, wanafunzi wa fundi akina nani. Uliza pia kabla ya jina hili liliitwaje, maana chombo kikiuzwa huenda kikabadilishwa jina, nawe ukakihesabu mara mbili.

Nenda baada ya alasiri. Mchana nyundo za kalafati (kuziba nyufa za mbao) zitaifunika sauti ya mzee. Kaeni nyuma ya ukuta usiopigwa na upepo, simu iwe shibiri mbili kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ukiiweka juu ya ubao itanasa kila mgongano. Omba idhini kwanza. Dakika 45 zatosha: mzee akichoka hufupisha, na anayoyaruka ndiyo uliyoyafuata.

Kazi kubwa ni tarehe. Badala ya kuuliza mwaka, taja tukio: kabla ya uhuru wa 1963 au baada yake? Marufuku ya kuuza boriti za mikoko nje, 1982? Mvua za El Niño za 1997? Akikupa mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1380 unatoa 1960 na ushei, basi andika “1960 au 1961”, usichague mmoja. Kisha uliza pepo: kaskazi ni Desemba hadi Machi, kusi huingia Aprili. Na jahazi kubwa hungoja maji ya bamvua, yaani maji makuu, ndipo lishuliwe (literemshwe majini), kwa hiyo siku yenyewe iko karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Anayekumbuka kwamba usiku ule kulikuwa na giza amekuonyesha ni mwezi mwandamo, si mpevu.

Vipimo navyo vina mtego. Mmoja atasema dhiraa 20, mwingine 28, na wote wakweli: wa kwanza amepima mkuku (uti wa chini wa chombo), wa pili kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Dhiraa ni kama sentimita 46, lakini ni mkono wa fundi, hivyo andika dhiraa aliyoitaja kwanza, mita baadaye. Palipo na mkuku wa zamani uliolala ufuoni, upime mwenyewe kwa futi kamba.

Maneno yaache yalivyo: mataruma (mbavu za chombo), fashini (nguzo ya mbele au ya nyuma), deheni (mafuta ya kupaka chombo). Mzee akisema “ndia”, usimsahihishe kuwa “njia”. Hicho ni Kiamu, lahaja ya Lamu, nacho ni sehemu ya historia.

Wanawake husahaulika sana katika kazi hii, nalo ni kosa kubwa. Wao waulize chakula cha siku ya kushua: nani alipika, nani alialikwa. Orodha ya walioalikwa huonyesha udugu ambao mafundi hawautaji. Ni bora anayerekodi awe mwanamke.

Usiku huohuo tengeneza nakala mbili, na moja uipeleke kwa jamaa ya aliyesimulia.