Ukuta wa rangi ya zamani: fanya hivi kabla fundi hajafungua mfuko wa puti

Nyumba za kitambo hapa Nairobi, iwe Buruburu, Umoja ama hizo flati za Pangani, ukuta huwa ni rangi juu ya rangi. Kila mpangaji aliingia akapaka yake, keateka naye akapaka ya kuficha uchafu wa aliyehama, na sai wewe unataka ukuta nyoofu kama wa apatimenti mpya za Kileleshwa. Skimu, yaani kupaka ukuta wote puti nyembamba uwe laini, inaweza kukupa hiyo, lakini jua kitu kimoja, puti haishiki ukuta, inashika ile rangi ya juu kabisa, na kama hiyo rangi imeachilia huko chini basi puti yote itaifuata, na wakati huo fundi ashalipwa na simu yake haishikwi.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote hadwea, uliza ukuta maswali. Chukua brashi uiloweshe maji urushe kwa ukuta. Maji yakinyonywa na hapo pakabadilika rangi, hiyo ni rangi ya maji ya kawaida ama chokaa. Yakiteleza yakashuka, ni rangi ya mafuta ama ile ya maji yenye mng'ao, na hizo puti haizipendi kabisa. Kutofautisha hizo mbili, lowesha pamba na spiriti usugue mahali padogo: ya maji italainika iachie rangi kwa pamba, ya mafuta itakaa vile ilivyo. Halafu pitisha kiganja kwa ukuta mkavu, ukitoka na unga mweupe kama mtoto ametoka ubaoni, hiyo ni chokaa ama rangi iliyokufa, na hapo hakuna gundi itakusaidia, inatoka yote.

Mtihani ninaouamini zaidi ni wa wembe. Chora mistari miwili inayokatana, wembe uingie mpaka uguse plasta, bandika selotepu ile ya kufunga maboksi (si masking tepu ya karatasi, hiyo haina nguvu), ikandamize vizuri na kidole halafu uivute kwa ghafla. Geuza uangalie. Ikitoka safi, rangi imeshika. Ikitoka na vipande, angalia upande wa nyuma wa hivyo vipande, utaona krimu, chini yake bluu, chini yake kijani ya miaka hiyo, na ule mstari wa mwisho kabisa ndio unakuonyesha ni koti gani ya rangi imeachilia. Fanya hivi sehemu tofauti, karibu na dirisha, nyuma ya mlango, chini karibu na skatingi, kwa sababu ukuta mmoja unaweza kuwa mzima huku na mbovu kule.

Ukiwa hapo hapo gonga gonga ukuta na mpini wa bisibisi. Nyumba nyingi hizi ni mawe yaliyopigwa plasta, na plasta ikiachana na jiwe inalia tofauti, unaskia kabisa ni tupu ndani. Zungushia chaki hizo sehemu. Hizo zinakatwa na patasi mpaka kwa jiwe, zinapigwa plasta upya ya mchanga na simiti, zinamwagiliwa maji siku kadhaa na kuachwa zikauke sawasawa. Fundi akikuambia puti itaziba, mwambie puti ni ya milimita moja mbili, si ya kushikilia plasta inayoanguka.

Sasa unyevu. Hapa ndio watu wengi wanapoteza pesa. Ukuta ukiwa na madoa ya kahawia, rangi imefura malengelenge ama kuna chumvi nyeupe inamea, usiguse puti kabla hujajua maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bafu ya jirani wa juu, ama paipu ndani ya ukuta, ama gata imeziba nje. Kama hujui yanatoka nje ama ni jasho la chumba, bandika kipande cha nailoni kwa ukuta, ziba pande zote nne na tepu, uache siku moja mbili. Maji yakiwa upande wa ukuta, ukuta wenyewe unatoa. Yakiwa upande wako, ni mvuke wa kupika na madirisha kufungwa. Rekebisha chanzo kwanza, uache ukuta ukauke, na hiyo chumvi uitoe na brashi kavu, usiioshe, maji yanairudisha ndani halafu inatoka tena.

Kazi yenyewe sasa. Toa vitu vyote, funika sakafu na nailoni ama makatoni, zima meni swichi ndio ufungue vifuniko vya soketi na swichi, waya usiziachie fundi azipake puti. Misumari yote inatoka, fisha pia (zile plagi za plastiki za kushika skrubu), usiikate juu juu.

Kukwangua ni skrepa na subira. Chokaa iloweshe kidogo, inalainika na inatoka rahisi. Rangi inayobanduka kwangua mpaka ufike penye haitoki tena, hapo paliposhika pabaki, si lazima uvue ukuta wote uchi. Lakini vumbi uliheshimu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na hiki kiwango cha Kenya cha sehemu 90 kwa milioni hakikuwepo wakati hizo kuta zinapakwa. Kwa hivyo piga sandpepa ukuta ukiwa umelowa, vaa maski nzuri, usichome rangi na moto, na watoto na mama mjamzito wakae kwingine mpaka upige deki. Si mambo ya kutishana, risasi inaharibu ubongo wa mtoto, basi.

Rangi ya mafuta, hasa ile ya koridoni na jikoni iliyofika kiunoni, inahitaji sandpepa kali, namba 60 ama 80, mpaka mng'ao uishe wote. Kuna mafundi wanapenda kuitoboa toboa na patasi ndio puti ishike. Hiyo ni ya plasta nzito. Kwa skimu unajitengenezea mashimo ya kuja kujaza na puti ya bei.

Ukimaliza osha ukuta na sabuni ya unga, jikoni usugue haswa kwa sababu mafuta ya kukaanga hayaonekani lakini yapo, halafu suuza na maji safi. Penye kuna ukungu mweusi paka Jik iliyochanganywa na maji, iache kidogo, sugua, suuza, dirisha likiwa wazi, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo.

Kreki ndogo usizipake juu juu. Zipanue na ncha ya skrepa mdomo uwe mpana kidogo, toa vumbi na brashi, lowesha, jaza fila, na zile ndefu ubandike meshi tepu juu. Kreki inayorudi kila mwaka mahali pale pale, ama iliyo pana mpaka unaweza kuingiza sarafu, hiyo si ya puti, muite mtu wa majengo aione.

Mwisho ni gundi. Ukuta unaonyonya maji sana upake gundi nyeupe ya PVA iliyozimuliwa na maji, moja kwa tano hivi, ndio usinyonye maji ya puti kabla haijashika. Penye palikuwa rangi ya mafuta tafuta bondi, ile ya kupaka kwanza ndio puti ishike, yenye mchanga mchanga ndani, ikikauka ukipitisha mkono inakwaruza. Bafuni usitumie PVA, ikipata maji inalainika tena, huko ni SBR (gundi ya aina ya mpira, hiyo inavumilia maji) na puti ya simiti nyeupe, ile ya jipsam iache sebuleni na vyumbani. Vipimo vya bondi ni vile mfuko ama mkebe unasema, si vile fundi amezoea.

Miezi ya baridi, Juni na Julai, kila kitu kinakauka polepole, kwa hivyo ongeza siku. Na mkielewana na fundi, kukwangua na kuosha mlipane kivyake kwa siku, skimu ndio iwe kwa mita. Ukimpa yote kwa mita atakimbilia puti, na hata wewe ungekuwa yeye ungekimbia. Kabla hajakoroga ya kwanza, rudia ule mtihani wa wembe na selotepu sehemu mbili tatu akiwa hapo anaangalia.