Chokonoa Linux bila kuogopa kuiharibu

Utamu wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, uko mikononi: kufungua, kugusa, kubadili, kuona kilichotokea. Mafaili mengi yanayoiongoza kompyuta yako yamo kwenye folda ya /etc, yameandikwa kwa maandishi ya kawaida, na hakuna anayekukataza kuyahariri. Kinachowazuia wengi ni hofu ya kuharibu. Kwa hiyo anza kwa kuhakikisha kwamba ukiharibu hupotezi kitu: tafuta kompyuta ya zamani isiyo na kazi ya mtu ndani yake, na flashi ya GB 8.

Pakua Debian Live, Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) endesha sha256sum, amri ya kukokotoa namba ya utambulisho wa faili, juu ya faili ulilopakua na ulinganishe jibu na namba zilizochapishwa na Debian wenyewe. Usiiruke hatua hii. Faili lililokatika njiani huonekana zima kabisa mpaka usakinishaji ukwame katikati. Chomeka flashi, andika lsblk (amri ya kuorodhesha diski), uitambue kwa ukubwa wake, halafu uandike faili juu yake kwa dd (sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi):

sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress

Andika jina la diski nzima (sdb), si la kipande chake (sdb1), la sivyo haitawaka. Ukikosea herufi moja umefuta diski nyingine, kwani dd haiulizi mara mbili. Washa kompyuta ya zamani kwa flashi hiyo, sakinisha, kisha flashi iweke. Tutaihitaji.

Onja kwanza kitu chepesi: amri za Kiswahili. Fungua ~/.bashrc, faili la mipangilio ya terminali yako, na chini kabisa ongeza:

alias sasisha='sudo apt update && sudo apt upgrade'

Andika source ~/.bashrc, kisha sasisha. Ikikataa, tazama mambo mawili: nafasi kando ya alama ya = haitakiwi, na alama za kunukuu ziwe zile zilizonyooka. Ukinakili kutoka kwenye hati iliyopambwa huja zilizopinda, na terminali haizielewi. Ni jambo dogo, lakini kompyuta inayoitikia lugha yako ni raha ya pekee.

Kisha uliza ni nini kinachochelewesha kuwaka: systemd-analyze blame. Usidanganywe na aliye juu ya orodha. Huduma nyingi huanza kwa pamoja, hivyo iliyochukua sekunde nyingi huenda haikumchelewesha yeyote. Anayesubiriwa kweli utamwona kwa systemd-analyze critical-chain. Mara nyingi utamkuta NetworkManager-wait-online.service, ambayo unaweza kuizima kwa sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service. Kama unatumia folda zilizo kwenye mtandao, iache, maana zitatafutwa kabla mtandao haujawa tayari.

Sasa kwenye somo lenyewe: vunja kwa makusudi. Nakili kwanza:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani

Faili la fstab ndilo linaloieleza Linux diski zipi zifunguliwe na wapi. Ongeza mstari wa diski isiyokuwepo (UUID ni namba ya utambulisho wa diski):

UUID=0000-0000 /mnt/jaribio ext4 defaults 0 2

Zima, washa. Mashine itaisubiri diski hiyo kwa sekunde 90, ikate tamaa, ikutupe kwenye hali ya dharura. Kama wakati wa kusakinisha hukumpa root, yaani msimamizi mkuu, nywila, hata huko hutaingia. Utaambiwa akaunti ya root imefungwa. Hapa ndipo wengi husakinisha upya kila kitu, bure kabisa. Washa kwa ile flashi, tafuta kwa lsblk kipande chenye mfumo wako (tuseme sda2), kisha:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo cp /mnt/etc/fstab.zamani /mnt/etc/fstab

Chomoa flashi, washa upya. Imerudi.

Rudia zoezi lile lile, safari hii ukiandika defaults,nofail mahali pa defaults. Kompyuta itawaka kama kawaida, diski ikosekane tu. Neno hilo liweke kwenye kila diski ya nje. Na kila ukihariri fstab, kabla ya kuzima endesha sudo findmnt --verify; mstari wenye kasoro utatajiwa ungali umekaa mbele ya mashine iliyo hai.

Kila badiliko liandike kwenye daftari: tarehe, faili, mstari wa awali, mstari mpya. Daftari la karatasi ndilo bora, kwani husomeka hata mashine ikigoma kuwaka.