Kusoma AI Uingereza ukiwa na mwaka wa plesimenti: jipange hivi

Watu wengi wakisikia kozi ya AI (akili mnemba) yenye mwaka wa plesimenti, yaani mwaka wa kufanya kazi kampuni katikati ya digrii, wanadhani chuo kina listi ya kampuni pale ofisini, ukimaliza mwaka wa pili unaitwa, unapangiwa yako, unaenda. Hakuna kitu kama hicho. Chuo kinakupa nafasi ya mwaka huo kwenye kozi, kinakupa watu wa kukuangalizia CV na sehemu wanapobandika matangazo, lakini kazi unaitafuta mwenyewe na unashindana na wanafunzi wa nchi nzima, na ukikosa unarudishwa kwenye kozi ya kawaida isiyo na plesimenti, basi. Mengi ninayoandika hapa yanamhusu anayetoka nje kwa viza, maana huyu ana mambo ya kuangalia ambayo mwenzake aliyezaliwa pale wala hayajui.

Mpangilio wenyewe ni rahisi. England unasoma mwaka wa kwanza na wa pili, wa tatu uko kampuni, wa nne unarudi kumalizia. Scotland digrii ya kawaida tayari ni miaka minne kwa hiyo plesimenti inaweza kukufikisha mitano. Kazi yenyewe ni miezi 9 hadi 12, wengi wanaanza kati ya Juni na Septemba.

Kuchagua kozi

Maombi yanapita UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, una machaguo matano, na dedilaini ya kawaida ni Januari (Oxford na Cambridge wao ni 15 Oktoba). Ile barua ya kujieleza siku hizi sio insha moja tena, kuanzia wanaoingia 2026 imegawanywa maswali matatu ila jumla bado ni herufi 4,000 na nafasi za katikati zinahesabiwa. Kama cheti chako cha sekondari hawakihesabu sawa na A-level wanaweza kukupeleka faundesheni mwaka mmoja kwanza, hiyo usione aibu, ila iingize kwenye bajeti mapema.

Sasa angalia vizuri hapa. Mara nyingi kozi ileile inatangazwa mara mbili, moja yenye plesimenti na nyingine bila, kila moja na namba yake ya UCAS. Omba ile yenye plesimenti toka mwanzo. Sababu ni viza. Ukiingia kwa kozi ya miaka minne unapewa CAS (uthibitisho wa chuo unaoombea viza) ya miaka minne na viza inafuata hapohapo, unachoongezea ni ile ada ya afya ambayo kwa mwanafunzi ni £776 kwa mwaka na inalipwa yote kwa mkupuo kabla hujaondoka. Ukiingia na ya miaka mitatu halafu mwaka wa pili ukapata kampuni, itabidi chuo kikutolee CAS nyingine, uombe kuongezewa viza, ulipe upya, na hayo yote yanakukuta kipindi cha mitihani. Kushuka kutoka minne kwenda mitatu ni rahisi zaidi, chuo kinaripoti serikalini na viza inafupishwa, ingawa ile £776 usiitegemee kurudi.

Halafu usichague kwa jina la digrii. Fungua orodha ya masomo, mwaka kwa mwaka. Kuna kozi zinaitwa AI lakini ni sayansi ya kompyuta ya kawaida yenye masomo mawili ya AI mwaka wa mwisho. Hilo lina madhara ambayo watu hawayaoni: intavyuu za plesimenti zinafanyika mwanzoni mwa mwaka wa pili, kwa hiyo kama somo la kufundisha mashine kutokana na data linakuja mwaka wa pili muhula wa pili, au mbaya zaidi mwaka wa mwisho, utaenda kuulizwa vitu ambavyo darasani hujavigusa. Ukiipenda kozi ya namna hiyo nenda tu, ila ujue likizo ya mwaka wa kwanza sio ya kulala.

Kuhusu vyuo, Surrey, Bath, Loughborough na Aston vinajulikana kwa mambo ya plesimenti. Edinburgh ina historia nzito ya AI, mtafiti Donald Michie alianza kazi hiyo pale miaka ya 1960 na mwenzake wa fani hiyo Geoffrey Hinton, aliyepata Nobel ya Fizikia 2024, PhD yake ni ya hapo. Lakini historia ya chuo haikutafutii kazi. Andika imeili kwa ofisi inayoshughulika na plesimenti uwaulize swali moja: kati ya walioanza kozi hii yenye plesimenti, wangapi walipata kweli mwaka uliopita, na kati yao wangapi ni wa kutoka nje? Wakizungukazunguka bila kutaja namba, na hilo nalo ni jibu.

Mwaka wa kwanza

Python (lugha ya kuandikia programu), Git (ya kutunza matoleo ya programu zako), SQL (lugha ya kuchota data kwenye databesi), na uzoefu wa kutumia Linux bila kuogopa ile skrini nyeusi. Hivyo vinne ndo vya kila siku kazini. SQL wanafunzi wa AI wanaidharau sana, wanaona ni mambo ya kizamani, alafu anafika kampuni anakuta data yote iko kwenye databesi na hakuna atakayemletea faili safi mezani. Upande wa hesabu shika matriksi na vekta, difirensiesheni, na uwezekano na takwimu, ukielewa kwa nini modeli (programu inayojifunza kutokana na data) inashuka mteremko wa makosa hatua kwa hatua mpaka ikatulia basi PyTorch, zana ya Python ya kujengea modeli, utaisoma kama mtu anayejua kinachoendelea ndani na sio wa kunakili.

Kisha tengeneza projekti moja ya maana uiweke GitHub, tovuti ya kuonyeshea programu zako. Moja, sio kumi. Na tafadhali isiwe ya abiria wa Titanic wala ya kutambua tarakimu za MNIST, zile picha 70,000 za namba zilizoandikwa kwa mkono kila mwanafunzi duniani ameshazipitia na anayesoma CV yako amezichoka.

Hapa sisi tuna bahati tusiyoitumia: Kiswahili. Mozilla Common Voice ina rekodi za watu wakisoma Kiswahili, bure kabisa, na Whisper ya OpenAI, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ilitolewa wazi 2022. Chukua hizo rekodi, mpe Whisper aandike anachosikia, linganisha na maandishi halisi, hesabu kwa kila maneno mia anakosea mangapi, kisha jaribu modeli ndogo na kubwa uone tofauti. Alafu endelea: anakosea wapi zaidi? Maneno marefu yenye viambishi vingi? Majina ya watu? Lafudhi fulani? Ukiamua kumfundisha zaidi, hakikisha sauti ya mtu mmoja haipo upande wa kufundishia na upande wa kupimia kwa pamoja, maana hapo utajidanganya kwa matokeo mazuri ya uongo. Ukiweza kuielezea hiyo sentensi ya mwisho kwenye intavyuu umeshawapita wengi, kwa sababu wanaouliza wanataka kujua kama unaishuku namba yako mwenyewe. Jamii ya watafiti ya Masakhane nayo ina data za lugha za Afrika ukitaka upande wa maandishi.

Kutafuta nafasi

Kampuni kubwa zinaanza kufungua Agosti na Septemba, yaani kabla hujakaa hata darasani mwaka wa pili, na nyingi hazisubiri dedilaini, zikijaa zinafunga. Oktoba hadi Desemba ndo moto wenyewe. Kampuni ndogo zinatangaza Januari mpaka Mei, kwa hiyo aliyekosa Desemba asikate tamaa, maana wengi hukata tamaa hapohapo na ushindani unapungua. CV iwe imekamilika kabla Agosti haijaisha.

Nafasi zenye neno AI kwenye jina ni chache na zinagombaniwa. Tafuta pia za uchambuzi wa data, uinjinia wa data na utengenezaji wa programu, kwenye mabenki, bima, maduka makubwa, hospitali, viwanda. Mimi naona bora ukae kampuni ya bima ambako modeli yako inatumika kweli kuliko kampuni yenye jina la kisasa ambako unakaa mwaka mzima unatengeneza slaidi. Za ulinzi na silaha nyingi ziruke, zinataka ukaguzi wa usalama ambao kwa kawaida unahitaji uwe umeishi Uingereza miaka mitano.

Hatua zake zinafanana karibu kote: fomu, mtihani wa mtandaoni wa hesabu au wa kuandika programu kwenye mfumo kama HackerRank, intavyuu ya kujirekodi video bila mtu upande wa pili (hii inakera, zoea kuangalia kamera), halafu intavyuu ya watu, na kwa kampuni kubwa nusu siku au siku nzima ya kazi za vikundi. Kila ukikataliwa andika ulikwama hatua gani. Kama unakwama kwenye fomu tu, tatizo ni CV. Ukikwama kwenye mtihani, kaa chini ufanye mazoezi ya programu.

Lile swali la viza

Fomu itakuuliza kama unahitaji kampuni ikudhamini viza. Wengi wanajibu ndiyo kwa woga na mfumo unawatupa nje hapohapo. Ukweli ni huu: kwenye plesimenti iliyo sehemu ya kozi na inayopimwa na chuo, mdhamini wako anabaki kuwa chuo, kampuni haidhamini chochote. Lile sharti la masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula halihesabiwi kwenye plesimenti hiyo, unafanya kazi full taimu kihalali. Kwa hiyo kama swali linahusu mwaka huo wa plesimenti, jibu ni hapana. Kama linauliza hadi huko mbele baada ya kuhitimu, jibu ukweli ulivyo kisha waandikie HR (watu wa ajira wa kampuni) imeili fupi uwaeleze kuhusu plesimenti, na uombe chuo barua ya kuthibitisha. HR wengine hawaijui sheria hii, na barua ya chuo inasaidia kuliko maelezo yako marefu. Wakishakupa ofa watakagua haki yako ya kufanya kazi, utawapa shea kodi (share code, namba ya kuthibitisha haki yako) kutoka tovuti ya serikali.

Mambo mawili usicheze nayo. Usianze kazi kabla chuo hakijaidhinisha plesimenti kwa maandishi, hata kama bosi anakwambia njoo tu Jumatatu. Na usikubali kulipwa kama mtu aliyejiajiri anayetuma ankara, viza ya mwanafunzi hairuhusu kabisa, na kampuni changa ndo hupenda mtindo huo.

Hela

Ada ya mwaka wa plesimenti kwa wanafunzi wa England haiwezi kuzidi asilimia 20 ya kikomo cha ada ya kawaida, ila kwa wa kutoka nje kila chuo kinajipangia chake, uliza kabla hujaomba. Mshahara kampuni nyingi za teknolojia zinalipa vizuri, lakini ujue kwamba sheria ya kima cha chini haimlindi mwanafunzi aliye kwenye plesimenti ya kozi isiyozidi mwaka mmoja, kwa hiyo ofa ya bure inaweza kuwa halali kabisa na bado ikakuumiza. Kodi ya mapato inaanza ukipita £12,570 kwa mwaka. Jisajili upate namba ya National Insurance (mchango wa hifadhi ya jamii) mapema.

Na nyumba! Wenzako wataanza kukukimbiza kuanzia Novemba msaini nyumba ya mwaka unaofuata. Wewe hujui Juni utakuwa London, Manchester au wapi. Waambie wazi kwamba unatafuta plesimenti, waendelee bila wewe.

Ukiwa kazini

Usishangae miezi ya mwanzo ukisafisha data tu, safu zisizo na majina, tarehe za mifumo mitatu tofauti. Hiyo ndo kazi. Kabla ya kuleta modeli nzito jenga ya kijinga kabisa, hata ya kukisia wastani, uwaonyeshe hiyo ya kijinga inapata ngapi, kisha yako inaongeza nini, mameneja wanaipenda sana hii. Data ya kampuni usiibandike kwenye chatbot ya nje hata mstari mmoja bila ruhusa.

Kila Ijumaa andika mistari michache ya ulichofanya, kwa sababu chuo kitataka ripoti na kumbukumbu ya mwezi wa pili haitakuwepo mwezi wa kumi. Mwalimu wako wa chuo naye atakufuatilia, mjibu imeili zake, kwa mwenye viza kutoonekana kunaripotiwa. Kama unataka kutumia kazi ya kampuni kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, omba ruhusa kwa maandishi wakati bado uko ndani, ukishatoka mlango unakuwa mgumu.

Miezi miwili kabla hujaondoka muulize meneja moja kwa moja kama kuna nafasi ya kurudi baada ya kuhitimu, kampuni nyingi hutoa ofa hiyo kabla ya mwaka wa nne kuanza. Ukiipata panga na viza yake: Graduate Route, viza ya baada ya kuhitimu, inakupa miaka 2 ya kufanya kazi bila mdhamini, ila kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 digrii ya kwanza na ya uzamili zitapata miezi 18, na unaomba ukiwa bado Uingereza, viza ya mwanafunzi haijaisha, na chuo kimesharipoti kwamba umemaliza.